Uzi: Jezi, picha na glavu zenye saini za wanamichezo. Soma kabla hujatuma hela

Mzee wa Fremu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Biashara ya vitu vyenye saini imechangamka sana kwenye magrupu ya mashabiki hapa Kampala. Mara jezi ya Arsenal iliyosainiwa na kikosi kizima, mara picha ya marehemu Akii-Bua, bingwa wetu wa Olimpiki wa mbio za viunzi 1972, mara namba ya kifuani ya mkimbiaji wetu Cheptegei. Bei inaanzia laki mbili inapanda hadi milioni na ushee, na tangazo likikaribia mwisho lazima ukutane na maneno haya: "ina cheti chake".

Nataka tukiongelee hicho cheti, maana ndicho kinachowamaliza watu. Anayeishi mji huu anaijua Nasser Road. Kadi za harusi, kalenda, mabango ya wagombea, vyote vinatoka pale, na magazeti yameshaandika vya kutosha kuhusu vyeti vya shule na mihuri ya ofisi inayoghushiwa vichochoroni mwake. Kama mtu anaweza kuondoka pale na digrii, cheti cha jezi kitamshinda nini? Karatasi nzito yenye mpaka wa dhahabu, stika inayong'aa, namba ndefu, na saini ya "mkurugenzi". Mimi nikiambiwa kuna cheti, sikitazami kwanza. Nauliza: aliyekitoa ni nani? Na alikuwepo saini ikiwekwa, au aliletewa kitu kikiwa kimeshasainiwa?

Aliyekuwepo ni shahidi. Aliyeletewa anatoa maoni tu, hata akiwa bingwa wa maandishi.

Msidhani huu ni ugonjwa wa Afrika. Miaka ya 1990 FBI ya Marekani iliendesha operesheni iliyoitwa Bullpen dhidi ya mtandao wa waghushi saini huko kusini mwa California. Uvamizi ulipofanyika mwaka 1999, kati ya mali zilizonaswa kulikuwa na mipira ya besiboli yenye "saini" ya Mother Teresa. Hebu fikirini, Mother Teresa na besiboli! Vyeti pia walikuwa navyo vya kumwaga. Tony Gwynn, nyota wa San Diego Padres, alikuta saini zake za kughushi zikiuzwa kwenye duka la timu yake mwenyewe. Baada ya hapo, mwaka 2001, ligi yao kuu ya besiboli, MLB, ikaanzisha utaratibu wake: mthibitishaji, kwa kawaida mtu aliyetoka kwenye polisi, anasimama palepale mchezaji anaposaini, anabandika hologramu yenye namba, na namba inaingizwa kwenye kumbukumbu za ligi. Asichokiona kwa macho yake hakibandiki.

Soka la Ulaya tunalolipenda halina mfumo mmoja wa namna hiyo. Huku utakutana na majina ya makampuni. PSA, JSA na Beckett wanajulikana zaidi kwa kukagua saini iliyokwishawekwa. Upper Deck kwa Michael Jordan na Icons kwa Messi huuza vitu ambavyo mchezaji mwenyewe amesaini kwa mkataba nao. Wote hao wana ukurasa wa kuhakiki namba. Ila ufungue tovuti yao wewe mwenyewe, uandike namba kwa kidole chako. Usibonyeze linki aliyokutumia muuzaji, wala usiskani msimbo wa QR uliochapwa kwenye cheti chake, maana aliyechapa cheti anaweza pia kutengeneza tovuti ya kukisifia. Jibu likija, lisome vizuri: jina la mchezaji, aina ya kitu, na picha kama ipo. Namba inaweza kuwa ya kweli kabisa lakini imenakiliwa kutoka kitu kingine. Umeshika jezi, kumbukumbu zinasema kadi ya mpira wa kikapu. Hapo rudisha jezi, nenda zako.

Saini yenyewe nitaiongelea nikitulia.

Boda wa Wandegeya

Nimekaa mkao wa kula. Mimi nina jezi ya SC Villa niliyoisaini mwenyewe. Anayeitaka aje inbox, cheti kipo.

Fundi Picha

Mzee wa Fremu, heshima yako, lakini Nasser Road usiipake matope yote. Mimi nachapa pale, na wengi wetu watoto wetu wanasoma kwa kadi za harusi na vitabu vya risiti.

Ila kwa kuwa umeligusa, wacha niwape ya jikoni. Hizo stika za hologramu zinazowatia watu hofu huuzwa kwa roli nzima, zina maneno ya kuapa kwamba kitu ni halisi, na hazina jina la kampuni yoyote. Ukiiona stika ya hivyo, jua ni pambo.

Kuhusu picha zenye saini, nenda kwa fundi saa yeyote mtaani umuombe ile lenzi anayoibana jichoni. Weka picha mezani, sogeza jicho hadi karibu kugusa karatasi, tazama pale mstari wa saini unapopinda. Kama saini imechapwa pamoja na picha, mstari utauona umevunjikavunjika kuwa vidoti vya buluu, waridi, njano na vyeusi, kama mchanga uliomwagwa. Wino wa maka, yaani kalamu nene ya kusainia, ni mstari mzima na kingo zake zinaonekana. Kisha peleka picha dirishani uiinamishe taratibu. Maka nyeusi ikiwa juu ya karatasi ya kung'aa hutoa mng'ao wake, mara nyingi wa zambarau au wa shaba. Lakini kama mng'ao wa karatasi unapita juu ya saini bila kukatika popote, saini hiyo imo ndani ya picha. Hakuna mkono wa mtu uliopita hapo.

Hii inakamata zilizochapwa tu. Aliyeghushi kwa maka na mkono wake atapita mtihani huu akichekelea.

Arua Boy

Asanteni. Mimi nimeletewa jezi ya Manchester United, namba 7, Ronaldo, saini iko juu ya namba. Jamaa anataka 1,500,000, anasema ilisainiwa na Cristiano baada ya mechi alipokuwa Old Trafford. Amenitumia na picha ya Cristiano akisaini. Naona kama kweli.

Mzee wa Fremu

Arua Boy, kabla ya saini niambie jezi ina mdhamini gani kifuani na imetengenezwa na nani. Na hiyo picha ya Cristiano akisaini, ni jezi hiyohiyo? Tazama namba, kola, na mahali saini inapokatiza ukingo wa namba 7. Picha za mchezaji akisaini kitu fulani zimejaa mtandaoni. Inayokufaa ni ile inayoonyesha kitu ulichokishika wewe.

Mama Junior

Habari zenu. Mume wangu ni Arsenal damu na birthday yake inakaribia. Nimepata picha kubwa ya fremu, kikosi cha 2003/04 kile kilichomaliza ligi bila kufungwa, saini za wachezaji wote. Laki tano. Muuzaji anasema fremu haifunguliwi kwa sababu wino utaharibika ukiguswa na hewa. Nifanyeje?

Mzee wa Fremu

Dada Mama Junior, hewa haijawahi kula wino wa mtu kwa kuifungua fremu mara moja. Nyuma ya fremu kuna pini ndogo na utepe, fundi yeyote wa fremu anafungua na kufunga ukiwa umesimama pale. Asiyetaka ifunguliwe hataki ukague. Kupitia kioo huwezi kuinamisha karatasi wala kusogeza lenzi.

Halafu tazama saini zote kwa pamoja. Kikosi kizima kina watu wanaoshika kalamu kila mmoja kivyake. Kuna anayetumia mkono wa kushoto, kuna anayekandamiza, kuna aliyechoka na kuchora mkia tu. Ukikuta zote zimelala upande mmoja, unene mmoja, urefu unaokaribiana, hiyo ni kazi ya mkono mmoja. Na ukikuta kila saini imekaa kwenye nafasi yake, haigusi uso wa mtu, haipandi juu ya saini ya mwenzake, basi zilipangwa kwenye kompyuta. Watu wanaopokezana picha halisi hugongana.

Tuwe wa haki pia. Klabu na maduka yenye leseni huuza picha zenye saini zilizochapwa, na huo si wizi, ni kumbukumbu ya mashabiki. Wizi unaanza pale mtu anapoichukua picha hiyo, anaitia fremu, na kuiita ya mkono. Saini za Henry, Bergkamp, Vieira na wenzao wote kwenye karatasi moja kwa laki tano? Bei yenyewe imeshakujibu, nnyabo.

Mswahili wa Busia

Mnajisumbua bure. Mume akifurahi, tofauti ya feki na orijino ukutani iko wapi?

Mzee wa Fremu

Iko kwenye laki tano.

Mswahili wa Busia

😂😂 Nimenyoosha mikono.

Mzee wa Fremu

Nimerudi. Tuingie kwenye saini.

Mtu anayesaini jina lake hafikirii. Mkono unakwenda mbio, kalamu inatua ikiwa tayari inatembea na inanyanyuka ikiwa bado inatembea. Kwa hiyo mwanzo na mwisho wa mistari huwa mwembamba, na kwenye mikunjo ya haraka wino unapungua. Anayeghushi anachora. Anatazama mfano, anakwenda polepole, anasita kwenye kona ngumu. Lenzi itakuonyesha mstari unaotetemeka kidogo, wino uliojikusanya pale aliposita, na mahali aliponyanyua kalamu katikati ya herufi ambayo mwenyewe huivuta kwa mkupuo mmoja.

Kuna mashine pia inayoshika kalamu halisi na kufuata saini iliyohifadhiwa. Wino ni wa kweli, kwa hiyo mtihani wa Fundi Picha inaupita. Inajifichua kwa mambo mawili: nguvu ya kalamu ni ileile mwanzo mpaka mwisho, na mara nyingi kuna kidoti pale kalamu ilipotua na pale iliponyanyuka. Tena saini mbili za mashine hulingana kabisa. Binadamu hasaini sawasawa mara mbili. Kama muuzaji ana picha kadhaa za mchezaji mmoja, zipige picha kwa simu, zilinganishe moja juu ya nyingine. Zikikaa sawa unywele kwa unywele, kimbia.

Mihuri ya mpira ya kugonga saini sitaipotezea muda, wino wake hujazana pembezoni na katikati unapauka. Inaonekana hata bila lenzi.

Ugumu uko kwenye kulinganisha na mfano sahihi. Saini ya mtu hubadilika na umri. Muhammad Ali kabla ya 1964 alikuwa akisaini Cassius Clay. Na baada ya ugonjwa wa Parkinson, uliotambuliwa mwaka 1984, mwandiko wake ulibanwa na kudhoofika. Glavu inayodaiwa kusainiwa miaka ya 2000 kwa mwandiko mpana, wa haraka, wa ujana wake, ina maswali ya kujibu. Kwa hiyo tafuta mifano ya miaka ileile, na uichukue kwa waliosimamia usainiaji, sio kwenye matangazo ya wauzaji wengine. Ukilinganisha feki na feki zitafanana sana.

Sebei wa Mlimani

Niongezee hapo kutoka Kapchorwa. Kuna saini ya kwenye meza na kuna saini ya kwenye umati. Wanariadha wetu wakirudi na medali watu wanawazonga, mwingine anasainiwa mgongoni akiwa amevaa fulana hiyohiyo. Saini ya hivyo inakatika, herufi zinaliwa. Ukiilinganisha na ile nzuri ya kwenye meza utasema feki, kumbe ya kweli. Linganisha umati na umati.

Na nyie mlio Uganda mnanunuaje vya Cheptegei kwa dalali wa mtandaoni? Watu hawa wanaonekana. Wanafanya mazoezi barabarani huku, wanakwenda kwenye hafla. Subiri nafasi, omba kwa adabu, na mwenzako arekodi video, kitu chenyewe kionekane vizuri saini ikiwekwa. Video hiyo nitaiamini kuliko cheti chochote chenye dhahabu.

Halafu kuhusu namba za kifuani: kusainiwa ni jambo moja, kuvaliwa ni jingine. Kwenye mashindano makubwa siku hizi namba ya kifuani ya nyota ina jina lake. Iliyokimbiwa nayo ina matundu ya pini kwenye pembe na mikunjo ya jasho. Ukiambiwa ni ile ya mita 10,000 Paris 2024, ile mbio aliyoshinda Cheptegei kwa dakika 26:43.14, fungua picha za siku hiyo utazame pini zilipita wapi na karatasi ilikunjika vipi.

Mzee wa Fremu

Umenitoa maneno mdomoni. Kulinganisha mikunjo na picha ndiko kulikoamua ubishi mkubwa wa 2022. Jezi ya Maradona aliyoivaa dhidi ya Uingereza kwenye Kombe la Dunia tarehe 22 Juni 1986 iliuzwa kwenye mnada wa Sotheby's London kwa zaidi ya pauni milioni 7. Familia ikapinga, ikasema hiyo ni ya kipindi cha kwanza, sio ya kipindi cha pili alipofunga yale mabao mawili. Wauzaji walikuwa na majibu ya aina mbili. Kwanza, wataalamu walikuwa wameilinganisha na picha za mechi kitambaa kwa kitambaa. Pili, historia yake haikuwa na pengo: Steve Hodge, kiungo wa Uingereza, alibadilishana jezi na Maradona baada ya filimbi ya mwisho, kisha ikakaa miaka mingi kwenye jumba la makumbusho ya soka Manchester. Mtu mmoja kutoka uwanjani mpaka mnadani.

Hiyo historia ndiyo ninayoilipia mimi. Na lazima ioane na maisha ya mwanamichezo mwenyewe. Glavu za bondia wetu Ayub Kalule zikitokea Denmark naelewa, maana ndiko alikojijenga kabla ya kuwa bingwa wa dunia wa ngumi wa chama cha WBA mwaka 1979. Karatasi yenye saini ya Akii-Bua ikitokea Ujerumani naelewa pia. Alikimbia nchi 1979 na baadaye akafanya kazi na Puma kule. Lakini niliwahi kuonyeshwa picha yake akiruka viunzi, ikidaiwa ameisaini Munich 1972 usiku wa dhahabu. Picha nzuri, rangi zimekolea. Kwenye ukingo wa chini, kwa herufi ndogo, kulikuwa na anwani ya tovuti. 1972! Nilimuonyesha muuzaji kwa kidole, akasema labda anwani iliongezwa baadaye. Marehemu alifariki 1997, hawezi kujitetea, na kwa hiyo jina lake ndilo linalotumika vibaya kuliko yote hapa nchini.

Wakili wa Nakawa

Wakuu, la sheria kwa kifupi. Sheria ya uuzaji wa bidhaa ya mwaka 2017 inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Kwa hiyo mlazimishe muuzaji aandike: "jezi hii imesainiwa kwa mkono na fulani, na nikithibitishiwa vinginevyo narudisha pesa". WhatsApp inatosha. Akikataa kuandika alichokisema kwa mdomo, umeokoa hela yako. Ukituma mobile money, soma jina linalojitokeza kabla hujaweka PIN, kisha hifadhi ujumbe na tangazo lenyewe kabla hajalifuta. Madai yasiyozidi shilingi 10,000,000 yanakwenda mahakama ya madai madogo, na huko huhitaji wakili. Najinyima ugali kwa kuwaambia hili.

Boda wa Wandegeya

Na kupeleka jezi Marekani kwa kina PSA ikakaguliwe je?

Mzee wa Fremu

Kwa kitu cha laki tatu usithubutu, usafirishaji na ada vitazidi bei yake, na ada zao hupanda kadiri jina linavyokuwa kubwa. Baadhi yao hutoa maoni ya awali kwa kutazama picha, kwa ada ndogo. Sio uthibitisho kamili, lakini kwa feki za wazi yanatosha. Kwa mtu anayetaka milioni kadhaa, gharama hiyo aibebe muuzaji.

Arua Boy

Nimerudi wakuu. Mdhamini ni Chevrolet, jezi ya adidas.

Sebei wa Mlimani

Eeeh!

Mzee wa Fremu

Arua Boy, ssebo, Cristiano alikuwa United 2003 hadi 2009. Jezi zikiwa za Vodafone, kisha AIG. Akarudi Agosti 2021, kifuani kuna TeamViewer. Chevrolet ilikaa 2014 hadi 2021, katikati ya safari zake mbili, na namba 7 ilivaliwa na kina Di María, Depay, Sánchez na Cavani. Hajawahi kuicheza hiyo jezi hata dakika moja.

Tusikurupuke pia. Mchezaji anaweza kusaini jezi ya msimu wowote anayoletewa na shabiki, wastaafu hufanya hivyo kila siku. Kwa hiyo jezi peke yake haisemi saini ni feki. Inasema hadithi ya "baada ya mechi alipokuwa Old Trafford" ni ya uongo. Na kama hadithi ni ya uongo, umebaki na nini cha kulipia 1,500,000?

Arua Boy

Nimemuuliza kuhusu Chevrolet. Amenijibu "lete laki nne tumalize". Nimem-block.

Mama Junior

Wangu naye nimemwambia nakuja na fundi wa fremu. Kwanza akanyamaza, sasa ameshusha mpaka laki na nusu, nichukue leo leo bila kufungua. Nichukue kama picha tu?

Fundi Picha

Nnyabo, laki na nusu kwa karatasi iliyochapwa? Njoo Nasser Road na picha ya harusi yenu, elfu hamsini na fremu juu, na mume aisaini mwenyewe mbele yako.